Treni ya Mizigo ya Kwenda Kipili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipima behewa kwa gunia la baba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote, nikaamua kujenga treni ya mizigo. Sikutaka ya kuchezea. Nilitaka ya mfano, yenye vipimo, kila kitu kipungue kwa kiwango kimoja, magurudumu, milango, ndoano. Shida ni kwamba Sumbawanga hakuna reli. Treni ya mizigo nilikuwa nimeiona mara moja tu, Tunduma, tulipokwenda na baba kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Behewa moja la wazi lilikuwa limeachwa pembeni, limejaa magunia ya mahindi. Magunia yalisimama wima, safu moja juu ya nyingine, na ile ya juu ilichungulia ukingo kidogo tu, kama watu wanaotazama mpira nyuma ya ukuta. Nikahesabu mara tatu. Mawili kwenda juu, matano kwa upana. Sikuwa na futi mfukoni, kwa hiyo nikajiambia kwamba nikifika nyumbani nitapima gunia, na nikishalijua gunia nitakuwa nimelijua behewa.

Nikafika nyumbani, nikaingia stoo, nikapima gunia lililokuwa karibu na mlango. Nikaandika kwenye daftari, nikagawanya, nikaanza kukata bati.

Gunia lile lilikuwa la lumbesa. Kwetu mnunuzi akija shambani hataki gunia lililoshonwa mdomoni. Anataka lijae, kisha liongezwe kichwa juu yake, kifungwe kwa neti na kamba, mpaka lisimame kama mtu aliyevaa kilemba. Baba alikuwa ameyafunga hivyo yote. Nimekua nikiyaona, nimeyaegemea, nimelala juu yake nikiwa mdogo, na ndiyo maana sikuona chochote cha kushangaza. Kwangu gunia ni lile. Lakini kilemba huongeza urefu bila kuongeza upana, kwa hiyo mabehewa yangu yakatoka marefu na membamba. Nilitengeneza kumi na moja kabla ya kujua, kwa sababu reli nilikuwa sijaimaliza, na sikutaka kujaribu kitu nusunusu.

Aliyegundua ni dada yangu.

Inabidi nieleze kuhusu dada na kuhusu reli, maana ni habari moja. Amenizidi miaka miwili. Tukiwa shule ya msingi, wiki moja ya mvua ambayo hatukuweza kutoka nje, tulibuni reli. Ilianzia Sumbawanga, ikapita Chala na Namanyere, ikateremka hadi ziwani Kipili. Kwenda ilibeba mahindi, ulezi na maharage. Kurudi ilibeba dagaa, samaki wakavu aina ya migebuka na madumu ya mawese. Mimi nilichora. Yeye alishika daftari kubwa lenye jalada gumu, akaandika ratiba: treni ya mizigo namba tatu itaondoka Sumbawanga saa mbili asubuhi, itapishana na namba nne Namanyere saa saba mchana. Tuligombana sana kuhusu matawi. Yeye alitaka tawi la kwenda Wampembe, kwa sababu alisema watu wa kule mvua ikinyesha wanakuwa kama wamefungiwa. Mimi nilitaka la Muze, kule bondeni chini ya genge.

"Muze utaishushaje?" aliniuliza. "Ule ukuta wote! Kwa kamba?"

Muze ikafutwa.

Watoto wengine hubuni kitu wakakiacha. Sisi hatukuiacha. Tulipokuwa sekondari bado aliniuliza wakati wa kula, kwa uso mkavu kabisa, kama namba tatu imefika. Baba alidhani tunamzungumzia mtu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kabla ya kwenda dukani nafanya mazoezi ya sentensi nitakayosema. Nikishafunga mlango narudi kuushika. Mtu akinitazama nikifanya kazi, mikono inaloa jasho na bati linateleza. Sikuwahi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakijakamilika, isipokuwa dada. Mbele yake niliweza kuwa na kitu kibovu mkononi na bado nikapumua.

Siku aliyogundua kosa, alichukua mabehewa mawili akayaweka kwenye kona ya reli niliyokuwa nimeshaipigilia, akayasukuma kwa kidole. Yakaanguka. Akayasimamisha, akasukuma polepole zaidi. Yakaanguka tena, upande uleule.

"Mbona yanalala kama walevi?" akasema.

Alichukua daftari langu la vipimo, akasoma, akainua macho.

"Hili gunia ulilipimia wapi?"

"Stoo."

"La baba?"

"Ndiyo."

"Lenye kilemba?"

Alicheka mpaka akakaa chini, mgongo ukutani, akifuta machozi kwa ncha ya khanga. Baba alikuwa anapita uani na jembe, akauliza kuna nini, akaelezwa. Alisimama mlangoni akayatazama yale mabehewa kwa muda.

"Gunia la kwetu Ufipa ndilo hilo," alisema. "Kama treni yako haiwezi kulibeba, basi ni treni ya wapi?"

"Tutapiga marufuku," dada akasema. Akafungua daftari kubwa akaandika tangazo kwa herufi kubwa: LUMBESA HAIPANDI TRENI HII. Akaniletea nisaini kama mkurugenzi.

Nilisaini, lakini sikucheka. Dada alisema nikate tu sentimita moja na nusu juu ya kila behewa kwa mkasi wa bati, jioni moja tu na kazi imekwisha. Sikuweza. Ukingo usingenyooka, na yale maneno RELI YA UFIPA niliyoyaandika ubavuni kwa sindano na rangi ya mafuta yangekaa juu mno. Nikayakunja yote kumi na moja, nikaanza upya. Upya huo ulichukua zaidi ya mwaka.

Sikuwa na mtu wa kunifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Bati nilipata kwenye makopo ya rangi na ya dawa ya mbu, nayakata, nayalaza juu ya kipande cha reli halisi—hapana, naongopa, kilikuwa kipande cha chuma cha gari ambacho nilipenda kukiita reli halisi—nayagonga mpaka yanyooke. Ekseli ni spoku za baiskeli. Magurudumu ni vizibo vya soda viwili vilivyotazamana, na kati yake duara la bati lililozidi kidogo, ili lishike ukingo wa reli. Reli yenyewe ni waya wa fensi, na kuunyoosha waya wa fensi uwe mnyoofu kweli kweli ni kazi ambayo simtakii mtu. Mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolala chini ya reli, nilichonga kwa mabaki ya paini kutoka kwa seremala jirani, mia nne na kitu, kila moja nimelipiga msasa. Injini ilikuwa mota ya deki mbovu ya video, iliyozungusha ekseli kwa rababendi, na betri za tochi nilizificha ndani ya kichwa cha treni. Reli ilizunguka kuta tatu za chumba cha nyuma, juu ya mbao nilizozitundika usawa wa kifua. Sumbawanga ilikuwa karibu na mlango. Kipili ilikuwa dirishani.

Wakati huo dada alikuwa anafundisha watoto wa chekechea parokiani. Akirudi mchana alikuja moja kwa moja chumbani, anakaa kwenye kigoda, anasahihisha madaftari ya watoto huku akinisomea ratiba. Mara nyingine alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amechoka.

Ilikuwa baada ya Krismasi aliponiambia. Alikuwa ameshika behewa la sita, analigeuzageuza.

"Mdogo wangu, nimekubaliwa."

"Wapi?"

"Kwa masista."

Kwetu hilo si jambo geni. Karibu kila ukoo una sista au padri, na ambao hawana wanasali wapate. Mama alikuwa anajua tangu zamani. Baba alijua. Ilikuwa ni mimi tu, niliyekaa naye kila siku katika chumba kimoja, ambaye sikujua.

"Lini?" nikauliza.

"Julai. Mahindi yakishaingia."

Nikaendelea kupiga msasa. Nakumbuka kwamba nilipiga taruma lilelile mpaka likawa jembamba, likakatika.

"Usinune," akasema. Akaniwekea lile behewa mbele yangu. "Wewe maliza tu. Siondoki mpaka namba tatu ifike Kipili."

Alikuwa anatania. Nilijua anatania. Mtu anayeingia utawani hangoji makopo ya dawa ya mbu. Lakini nililichukua lile neno na kuliweka mahali pa siri ndani yangu, na kuanzia siku ile nikawa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ilisema: harakisha, aione kabla ya Julai, maana mmejenga wote. Ya pili ilisema: isipofika, hataondoka.

Kwa miezi michache hesabu ya kwanza ndiyo iliyonisukuma. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Februari mabehewa yote yalisimama kwenye kona bila kulala. Machi kichwa kilivuta mabehewa manne. Aprili saba. Ijumaa Kuu mama alinigombeza kwa kugonga bati, akasema kwa Kifipa kwamba kama sina huruma na Bwana niwe basi na huruma na masikio ya majirani. Nikaacha kugonga, nikafanya rangi.

Baba naye hakuniacha.

"Hata Mungu alimaliza kwa siku sita," alisema akiwa anakula.

"Mungu hakuwa na rula, baba," dada akamjibu.

Kisha ikaja siku ambayo nimeandika haya yote kwa ajili yake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei. Wote walikwenda shamba kung'oa maharage. Mimi nilibaki nitie mpini kwenye jembe, niwafuate baadaye. Mpini ulichukua dakika kumi. Nikaona muda upo, nikaingia chumbani, nikaunganisha mabehewa yote kumi na moja nyuma ya kichwa. Niliyapakia vifuko vya mahindi na ulezi ambavyo dada alivishona kwa vitambaa vya zamani, kila kimoja saizi ya kidole gumba, vimefungwa mdomoni bila kilemba. Nikaweka betri. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilikuwa linaingia dirishani upande wa Kipili.

Treni ikaondoka.

Ilikwenda polepole sana, kwa sauti kama ya cherehani. Ilipita ukuta wa kwanza. Kwenye kona ya kwanza, ambayo ni Chala, kichwa kiliinama kidogo kikainuka, na mabehewa yakafuata moja moja, kila moja likiinama na kuinuka mahali palepale. Nilikuwa natembea pembeni yake nikiwa nimeacha kupumua. Ukuta wa pili. Namanyere. Kona ya pili, ile mbaya, ambayo wiki nzima ilikuwa inanimwagia mizigo. Ikapita. Ukuta wa tatu. Ikafika dirishani, ikagonga kiberiti nilichokiweka mwisho wa reli, ikasimama huku mota ikiendelea kulia. Nikatoa betri.

Hakikuanguka hata kifuko kimoja.

Nimejaribu kukumbuka kama nilifurahi. Nadhani kulikuwa na furaha, labda muda wa kuhesabu mpaka tano. Baada ya hapo nikasikia kichwani mwangu, kwa sauti ya kawaida kabisa: sasa ataondoka.

Nilichukua koleo. Nikaenda kwenye kona ya pili, nikashika kiungo cha waya, nikakivuta juu na kukipinda. Sikukipinda sana. Nilikipinda kiasi cha mtu kuamini kwamba ni kosa la vipimo. Nikarudisha treni Sumbawanga kwa mkono, behewa kwa behewa, nikafunga mlango, nikaushika mara mbili, nikachukua jembe nikaenda shamba.

Nilimkuta dada amefunga kitambaa kichwani, vidole vimekuwa vyeusi kwa udongo. Nikashika mstari wa maharage ulio pembeni yake.

"Vipi namba tatu?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kona ya Namanyere inasumbua."

"Bado tu?"

"Bado."

"Itakubali," akasema.

Mei ikaisha, Juni ikaja na upepo wake, ule wa kwetu unaopita kwenye nyufa za dirisha na kukausha midomo. Kila siku dada aliingia chumbani akanikuta nimeinama kwenye kona ya pili na rula. Nilikuwa mwongo mwenye bidii. Nilijidai kurekebisha kiungo, kisha nikapata kosa lingine, na makosa hayakukosekana, kwa sababu ukitafuta kosa kwenye kitu ulichotengeneza kwa makopo utalipata. Wiki moja nilisema ekseli. Wiki nyingine rangi imeongeza uzito. Nilifikia mahali hata mimi sikujua tena lipi ni kosa la kweli na lipi nimelipika. Jambo la kutisha ni kwamba nilikuwa na utulivu. Kwa mara ya kwanza maishani kasoro ilikuwa upande wangu, inanifanyia kazi.

Mahindi yakaingia stoo. Barua ikaja na tarehe.

Jioni ya mwisho mama alipika kuku na ugali wa ulezi, na majirani wakaja kusali. Asubuhi kulikuwa na baridi kali, majani yalikuwa meupe kwa umande. Gari la parokia lilitakiwa kufika saa mbili. Saa moja na nusu dada akaingia chumbani amevaa sweta la kijivu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Niwashie," akasema.

"Haiwezi, dada. Ile kona."

"Basi ifike Namanyere tu. Nitamalizia mwenyewe kichwani."

"Itaanguka."

"Ianguke. Kwani nimezoea nini kwako? Si ilikuwa inaanguka mbele yangu tangu ikiwa na vilemba?"

Nilisimama nimeshika betri mkononi. Nataka nieleweke hapa. Sikuwa na sababu tena. Gari lilikuwa njiani, sanduku liko mlangoni, na mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba hila yangu imeshindwa na hakuna kilichobaki ila kumpa alichokiomba. Lakini kiungo kilikuwa kimepindwa kweli, nimekigusagusa wiki sita, na nikaona aibu. Nikaona kwamba nikiwasha ikaanguka, atakuwa ameondoka na picha ya treni iliyoanguka. Hicho ndicho nilichokiwaza, kuhusu mtu anayeondoka nyumbani.

"Nitamaliza," nikasema. "Nitakuita uje uione."

Alinitazama. Hakukasirika. Akainuka, akapanga vizuri vifuko viwili vilivyokuwa vimelala kwenye behewa la kwanza, akanishika bega.

"Sawa, mkurugenzi," akasema.

Akatoka. Nikasikia wanawake wanaimba uani, nikasikia gari. Nilitoka mwisho kabisa, nikapunga mkono pamoja na wengine.

Mchana uleule nilinyoosha kiungo. Nilitaka treni ifike Kipili siku ileile, ili angalau ahadi iwe imechelewa kwa saa chache tu. Haikufika. Waya ukishapindwa na kunyooshwa mara nyingi unakuwa laini, haushiki mahali pake. Nikakata kipande kipya. Kichwa kikapita, behewa la tatu likaanguka. Nikabadilisha kona nzima. Kichwa chenyewe kikaanguka. Nilijaribu kukumbuka ile asubuhi ya Mei ilikuwaje, reli ilikaa vipi, nilikuwa nimeweka nini chini ya taruma lipi, na sikuwa nimeandika. Mimi ninayeandika kila kitu, siku ile sikuandika kipimo hata kimoja. Mpaka Oktoba nilikuwa bado naweka na kutoa betri. Mota ikaanza kunuka, kisha ikanyamaza. Nikatafuta deki nyingine mbovu mjini, nikapata mota yenye nguvu kidogo zaidi, ikavuta mabehewa kwa kishindo, ikayamwaga yote kona ya kwanza.

Desemba wazazi waliruhusiwa kumtembelea, nikaenda nao. Sista mlezi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alitupokea langoni. "Shikamoo, sista." "Marahaba, karibuni, binti yenu ni mwimbaji kumbe!" Tuliketi kwenye mabenchi uani pamoja na familia nyingine. Dada alikuja amevaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alicheka na mama, akamuuliza baba habari za mbolea, kisha akanigeukia mimi.

"Namba tatu?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi njia nzima. Sentensi ilikuwa: dada, ilifika Mei, nikaificha. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa hamu ileile ya kwenye kigoda, na baba yuko pembeni, na mlezi anapita na sinia la soda.

"Ilifika," nikasema.

Alipiga makofi kama mtoto. Msichana mwenzake aligeuka kutazama.

"Yote kumi na moja?"

"Yote. Haikumwaga kitu."

"Lini?"

"Wiki uliyoondoka. Siku nne baadaye."

Makofi yakaisha. Alitazama mikono yake.

"Siku nne," akasema. "Si ungeniambia iko karibu? Ningewaomba siku nne. Mbona mwenzangu mmoja alichelewa wiki nzima kwa sababu ya harusi ya kaka yake, na hawakumwambia kitu."

Baba akasema, "Haya mambo ya makopo," akacheka. Mama akatoa karanga kwenye mfuko. Mazungumzo yakaenda kwingine. Mimi nikabaki na siku nne ambazo hazikuwepo, nilizozitunga ili uongo uonekane wa kweli, na ambazo sasa yeye ataziwaza kama siku alizozikosa kwa uzembe wangu mdogo. Uzembe mkubwa haujui. Kuandika siwezi, kwa sababu barua zao hufunguliwa na kusomwa kwanza na mlezi. Kusema siwezi, kwa sababu nimeshajaribu mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili nimemuuliza kuhusu chakula.

Nilirudi nyumbani nikafungua chumba. Niliweka betri mara moja tu. Kichwa kilikwenda mpaka Chala kikaanguka na mabehewa matano. Sikukiinua.

Miaka mitatu imepita. Dada ameweka nadhiri na amepewa jina jingine, ambalo wazazi wamelizoea na mimi sijalizoea. Ninafanya kazi kwa fundi wa mageti karibu na soko. Geti likishafungika na kufunguka, namwita mwenye geti siku hiyohiyo aje aone, hata kama rangi haijakauka na nimeona kasoro mbili. Hilo ndilo lililobadilika.